Nani Kaona Miwani ya Babu?

*Kikundi cha familia, siku ya mapumziko*

06:58

Mama: Mmeamkaje wote. Mwanamuziki wetu kaamka au bado yuko jukwaani ndotoni?

Mimi: Shikamoo Mama. Nimeamka, gitaa liko mapajani.

Mama: Marahaba. Liweke chini basi. Leo una safari nne: nguo zangu kwa fundi cherehani, bili ya maji, miwani ya Babu ikachukuliwe ilikokazwa mguu, na makaratasi ya Mjomba yakapigwe fotokopi.

Mimi: Mama, leo nilipanga kumaliza wimbo.

Mama: Wimbo hauna foleni. Maji yana foleni.

Da Mkubwa: Wimbo wenyewe ni wa mwanangu jamani. Naahidiwa tangu mwezi uliopita. Huyu mtoto ataanza shule hajabembelezwa.

Mimi: Haya sikilizeni nilipofika. [sauti, 0:41]

Shangazi: Mashallah, sauti imetulia siku hizi.

Da Mkubwa: Mtamu. Ila huu wa kuchezea, si wa kulalia. Nimemwekea, kaanza kurusha miguu.

Mimi: Niliuweka mapigo 92 kwa dakika.

Da Mkubwa: Tisini na mbili ndiyo nini, homa?

Binamu: 😂 Kasi ya wimbo hiyo. Da Mkubwa, mpakate umtikise kama unavyomtikisaga usiku, huku unaangalia saa. Hesabu dakika nzima.

Da Mkubwa: Subirini.

Da Mkubwa: Kwenda na kurudi mara 33. Shemeji yenu ananitazama anadhani nimechanganyikiwa.

Binamu: Kwenda pigo moja, kurudi pigo moja. 66. Hiyo ndiyo kasi ya wimbo wako, kaka.

Mjomba: Kumbe prodyuza ni mtoto mwenyewe. Mjomba, umlipe.

07:31

Mimi: Nimejaribu 66. Tatizo wimbo sasa unaburuta, maneno yananing'inia hewani.

Shangazi: Si upunguze maneno? Mtoto mwenyewe haelewi hata moja.

Mimi: Hapana Shangazi, nimepata njia. Kila pigo naligawa mara tatu badala ya mbili, yaani sita kwa nane. MOJA-mbili-tatu NNE-tano-sita. Linayumba lenyewe kama susu. [sauti, 0:22]

Da Mkubwa: Eeeh! Hapo sasa. Kichwa kimeanza kulegea.

Mjomba: Cha mtoto?

Da Mkubwa: Changu.

08:12

Mimi: Uzi umekatika.

Mama: Uzi gani? Usiniambie wa nguo zangu.

Mimi: Wa gitaa. Wa nne. Nilikuwa naukaza tu.

Babu: [ujumbe wa sauti, 0:19]

Mimi: Wasiosikia vizuri: Babu anasema uzi wa nne ndio hukatika kwanza mara nyingi. Zile tatu nene zimezungushiwa waya juu ya nyuzinyuzi laini, na wa nne ndio mwembamba kati yao. Waya unalika pale unapogusana na vyuma vya shingo, mwisho unaachia.

Shangazi: Babu mbona siku hizi unazungumza tu, huandiki?

Babu: [ujumbe wa sauti, 0:05]

Mama: Kasema aandike kwa macho gani, miwani iko kwa fundi. Mwanangu, umesikia?

Mimi: Natoka sasa hivi. Nitapitia na nyuzi humo humo.

10:04

Mimi: Niko foleni ya maji, namba 71. Wanahudumia 38.

Mama: Nilikwambiaje.

Mimi: Ila jamani, kiitikio kimekamilika hapa hapa. Kuna ile kengele ya kuita namba, teng-tong. Nimewasha programu ya kutyunia gitaa kwenye simu ikanionyesha: mi, halafu do. Inashuka. Mimi kiitikio changu kilikuwa kinaishia juu, kama mtu anauliza swali. Ndiyo maana mtoto hatulii, anasubiri jibu! Nimekigeuza, kinashuka mi-do mara mbili halafu kimya.

Binamu: Umeurekodi au utausahau kama ule mwingine?

Mimi: Nimeunong'ona kwenye simu. Mama mmoja hapa kasogeza mkoba wake.

Mjomba: Na mimi ningesogeza.

Mimi: Hapana, nauliza kwa uzito: melodi ikikujia hadharani unafanyaje? Nikisubiri nifike nyumbani imeshapotea, nabaki na maneno matupu.

Binamu: Ipigie kama simu. Weka simu sikioni, imba taratibu. Watu watadhani unamwimbia mchumba.

Shangazi: Heri hivyo, labda atampata kweli.

11:47

Mimi: Taarifa ya safari: maji yamelipwa. Fotokopi tayari. Nguo fundi kasema kesho. Miwani ninayo. Nyuzi nimepata, seti nzima, muuzaji kasema zote ni za gitaa. [picha]

Mama: Fundi huyo na kesho yake.

Babu: USIFUNGE

Babu: HIZO NI ZA CHUMA

Mjomba: Babu kaandika! Bila miwani!

Babu: [ujumbe wa sauti, 1:52]

Mimi: Jamani huu ujumbe msikilize wote. Kwa kifupi: gitaa la Babu ni la nyuzi za nailoni. Seti ya nailoni ikishatyuniwa inalivuta gitaa kwa karibu kilo 40. Ya chuma karibu kilo 70. Daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, limegundishwa tu kwa gundi, na ubao wa juu ni mwembamba, haukujengwa kubeba hivyo. Anasema ningefunga jioni, usiku ningesikia "ka!" daraja liko sakafuni.

Shangazi: Yarabi.

Binamu: Babu, umeonaje kwenye picha?

Babu: [ujumbe wa sauti, 0:11]

Mimi: Anasema kila uzi una kishanga cha shaba mwishoni, na nyembamba zinang'aa kama sindano. "Kung'aa huko hakuhitaji miwani."

Da Mkubwa: Babu hoyee. Ila nimeshangaa, mimi nilijua uzi ni uzi.

Mimi: Mimi nimeshika hili gitaa miaka mitatu na nilijua uzi ni uzi. Naona aibu kidogo, kusema kweli. Narudi kubadilisha.

12:35

Mimi: Wamekubali kubadilisha, pakiti sikuwa nimeifungua. Nimechukua nailoni. Babu, nibadilishe zote sita?

Babu: [ujumbe wa sauti, 0:48]

Binamu: Nafasiri mimi leo. Anasema kama unarekodi leo, badilisha huo mmoja tu. Nailoni mpya inanyooka siku kadhaa, ukifunga sita mpya utatumia mchana wote kutyuni na hutarekodi hata mstari. Huo mmoja uvute kwa vidole katikati, utyuni, uvute tena, utyuni, mpaka uchoke wewe au uchoke wenyewe.

Mama: Na miwani umempelekea?

Mimi: Ninayo mfukoni Mama, nikishafunga uzi napita kwake.

13:20

Mimi: Uzi umefungwa. Unateremka kila dakika mbili. Nauvuta, nautyuni, unateremka. Kama kumlea mtoto mkaidi.

Da Mkubwa: Karibu kwenye chama.

Babu: [ujumbe wa sauti, 0:23]

Mimi: Sawa Babu, asante. Kwa siku nitakayofunga zote: zile zenye waya fundo moja latosha pale darajani. Zile tatu laini zizungushwe mara mbili au tatu chini ya kitanzi, nailoni inateleza.

14:05

Mimi: Naanza kurekodi. Naomba nyumba nzima ikae kimya nusu saa.

Mama: Nyumba nzima ni mimi. Natoka, naenda kwa Shangazi yako. Unarekodia wapi?

Mimi: Chumbani kwako 🙏 Mlango wa kabati wazi, maiki inatazama nguo zako. Nguo zinameza mwangwi. Chumbani kwangu kuta tupu, sauti inarudi kama niko chooni.

Mama: Nguo zangu zisiguswe.

Mimi: Haziguswi, zinafanya kazi zikiwa zimening'inia.

14:22

Mimi: Binamu, kuna mvumo. Mmmmmm wa chini chini. Nguo haziuondoi.

Binamu: Nguo zinameza sauti za juu. Mvumo wa chini unapita kama hakuna kitu. Zima vitu kimoja kimoja: feni, taa, friji.

Mimi: Ni friji! Kumbe inapiga kelele hivi miaka yote na tumeizoea.

Binamu: Ichomoe. Ila sikiliza, hii ni mbinu ya wanaorekodia majumbani: ukichomoa friji weka ndani yake kitu ambacho huwezi kuondoka bila hicho. Wengi huweka funguo. Ukitaka kutoka lazima ulifungue friji, unakumbuka kuliwasha.

Mimi: Akili kubwa. Funguo kaondoka nazo Mama. Naweka kitu kingine.

15:10

Mimi: Gitaa limekaa. Mara ya saba ndiyo imekuwa. Sauti sasa inanishinda, kila nikiimba juu ya gitaa najikuta nimechelewa. Sikuwa hivi.

Binamu: Umevaa hedifoni gani?

Mimi: Za Bluetooth.

Binamu: Ndiyo hizo. Sauti inachelewa kukufikia, inaweza kufika sehemu ya tano ya sekunde. Wewe unaimba sawa na unachosikia, mashine inarekodi ulivyochelewa. Tafuta za waya.

Mimi: Nilianza kujilaumu kwamba sina mdundo!

Mjomba: Huo mjadala tuuache wazi, mjomba.

15:58

Mimi: Za waya zimemaliza kazi. Mara ya pili tu. Kuna sehemu nimeimba kwa nguvu sauti ikapasuka, nikarudia nimesogea nyuma kiganja kimoja na kupunguza kipimo cha kupokea sauti.

Binamu: Vizuri. Ikishapasuka hivyo hakuna wa kuishona. Nitumie nikufanyie miksi. Tuma kama faili, si kama ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti unakamuliwa, unanifikia mifupa mitupu.

Mimi: Natuma. Dakika 3.

Shangazi: Ni nini hiki kinashuka kwenye simu yangu MB 30?!

Binamu: Kaka, umetuma kwenye kikundi 😭

Mimi: Samahani Shangazi! Dakika moja ya stereo isiyobanwa ni kama MB 10. Ilikuwa ya Binamu peke yake.

Shangazi: Bando langu lote limekwenda kubembeleza mtoto asiyelala kwangu.

16:15

Mimi: Nachomoka, nina mazoezi ya kwaya jioni. Nimechoka lakini nimefurahi.

Mjomba: Na makaratasi yangu?

Mimi: Nimeyabeba, nakuachia njiani.

19:40

Binamu: Miksi hii hapa, nimeibana isimle mtu bando. Nimekata mvumo wote wa chini ya hezi 80, gitaa nimelisogeza kushoto kidogo. Sauti sijaigusa sana, nzuri ilivyo. [sauti, 3:02]

Mama: Nimesikiliza mara mbili. Hapo unaposema "funga jicho moja, lingine linakuja" umenikumbusha mbali. Sisemi zaidi.

Babu: [ujumbe wa sauti, 0:34]

Mimi: Babu kasema uzi wa nne umeteremka kuanzia ubeti wa pili. 😅 Ni kweli. Nimesikiliza tena, umeteremka.

Binamu: Kidogo sana lakini.

Babu: [ujumbe wa sauti, 0:03]

Mimi: "Umeteremka."

20:52

Da Mkubwa: Ripoti kutoka uwanjani. Nimeuweka unajirudia.

Shangazi: Kalala?

Da Mkubwa: Shemeji yenu kalala, anakoroma, simu kifuani. Mtoto macho kama taa, anapiga makofi kila ikifika ile teng-tong.

Mjomba: Anasubiri namba yake iitwe.

Mimi: 😂😂 Nitatoa toleo lisilo na kengele.

Da Mkubwa: Thubutu! Anaipenda. Ibaki.

21:33

Babu: [ujumbe wa sauti, 0:07]

Mama: Babu anauliza miwani yake iko wapi. Hata mimi nauliza.

Mimi: Si nili

Mimi: Subirini kidogo.

Mama: Na mbona sakafu ya jikoni imejaa maji?

Binamu: Kaka. Uliweka nini kwenye friji?

Mimi: Kitu ambacho siwezi kuondoka bila hicho.

Binamu: Na ukaondoka.

Mama: Nimefungua. Giza. Miwani ya Babu imekaa rafu ya juu, miguu imekunjwa vizuri kabisa.

Babu: IKO SALAMA?

Mama: Iko salama Baba. Friji ndiyo haijambo nusu. Mwanangu, kabla hujavua viatu, tambara liko nyuma ya mlango.