Chewa wa Tanga: AIC yasema GTR, BIC yasema HKY. Nishike ipi?

Mwana_Chumbageni: Shikamooni wakuu. Nipo Tanga, naandika tasnifu kuhusu chewa. Niliwanunua soko la Deep Sea, nikasoma jeni yao iitwayo COI, herufi 658 za DNA kila mmoja. Kupata mti wa nasaba nahitaji modeli, yaani kanuni za jinsi herufi hizo zinavyobadilika, na AIC na BIC ni vipimo vya kuichagua. AIC imenichagulia GTR+I+G, BIC imenipa HKY+G. Miti ya nasaba inatofautiana tawi moja tu, ila ndilo tawi la swali langu zima. Msimamizi kaniuliza, "Unajuaje modeli yako inafaa?" Nikakosa jibu. Wiki ya pili hii silali vizuri.

Mama_Nasaba: Marahaba mwanangu. Usishangae vipimo kutofautiana. Ukiacha nyongeza za I na G (za herufi zisizobadilika na za kasi kutofautiana), HKY ya mwaka 1985 inakadiria parameta 4, yaani namba zinazotafutwa kwenye data, GTR inakadiria 8. Kila parameta AIC inaitoza 2. BIC inaitoza logi asilia ya urefu wa data, kwako karibu 6.5. Ndiyo maana BIC hupenda modeli ndogo. Kwa data fupi hivyo, mimi ningeshika BIC.

Ngamiani14: Dada, kwa heshima, kuna la kutangulia. COI ni jeni ya protini. Husomwa kwa kodoni, yaani herufi tatutatu. Herufi ya tatu ya kodoni hubadilika haraka mno, ya pili hujikokota, na kijana kazitia zote chungu kimoja! Zigawe makundi matatu, kila moja lipate modeli yake.

Mama_Nasaba: Kweli kaka, nilipitiwa.

Fundi_Miti: Swali la msimamizi bado lipo palepale. AIC na BIC hulinganisha modeli ulizozipeleka tu. Ukijaribu kanzu kumi dukani, iliyokukaribia zaidi si lazima ikuenee. Tumia modeli iliyoshinda kuzalisha data bandia, seti 1000, juu ya mti wako. Kisha pima, mathalani, jinsi kiasi cha herufi za DNA G na C kinavyotofautiana kati ya samaki. Data halisi ikiangukia mbali na zile bandia, modeli imefeli. Na hapo HKY na GTR hufeli pamoja, maana zote huchukulia uwiano wa herufi ni uleule mti mzima.

Halafu jeni moja ni chache. Silikanti, samaki wa kale wa hifadhi yetu ya bahari hapo Tanga, alibishaniwa miaka mingi kwa jeni chache: ni yeye au kamongo aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne? Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilipotoka 2013 ndipo ilipothibitika kuwa ni kamongo.

Mwana_Chumbageni: Nimegawa kodoni. Miti yote sasa inakubaliana, lakini lile tawi lina butstrapu (kipimo cha uthabiti wa tawi, mwisho 100) 54 tu, na herufi ya tatu imefeli jaribio la G na C. Usiku huu naiondoa, naanza upya.