Muni kwa ufadhili wa serikali, au Makerere kwa kujilipia?

Mstaafu wa Arua

Salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi. Binti yangu amepata ufadhili wa serikali kusomea shahada ya uuguzi katika Chuo Kikuu cha Muni, hapa hapa Arua, na wakati huohuo Makerere imempa nafasi ya kozi hiyo hiyo kama mwanafunzi wa kujilipia. Shangazi yake, ambaye ameishi Kampala tangu ujana, anasema cheti cha chuo kilichoanzishwa mwaka 2013 hakitamfikisha popote, na kila jioni hunipigia simu kunikumbusha kwamba Nyerere, Kibaki na Mkapa wote walipita Makerere. Nimepiga hesabu nikaona kwamba ng'ombe sita wakiuzwa sasa watatosha ada na hosteli ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne utalipwa na nini, sijui. Je, jina la chuo lina uzito kiasi hicho katika kupata kazi na kupanda cheo?

Afisa Ajira, Ntinda

Shikamoo Mzee. Nimekaa kwenye kamati za usaili kwa miaka kumi na mmoja, na nitakueleza yanayotendeka mlango ukishafungwa. Katika tangazo huwa tunaandika tu kwamba mwombaji awe na shahada ya chuo kinachotambuliwa, mara nyingi ya daraja la pili la juu, yaani wastani usiopungua 3.60 kati ya 5. Kwa hiyo chujio la kwanza ni daraja, wala si chuo. Lakini sitakuficha: rundo la maombi likibaki kubwa na saa ya chakula cha mchana ikikaribia, kuna mjumbe atakayeinua karatasi na kuuliza, "Huyu ni wa wapi?" Hapo jina hufanya kazi, na si haki.

Uzito huo huisha mwombaji akishaketi mbele yetu. Kwenye usaili mmoja wa karani wa hesabu tuliwapa waombaji watano daftari la matumizi madogo ya ofisi, lenye kosa tulilolipanda kwa makusudi: stakabadhi moja ilikuwa imeandikwa mara mbili. Wanne walijumlisha upya kwa kikokotoo, wakashangaa. Wa tano, kijana kutoka chuo ambacho wajumbe wawili hawakukijua, hakugusa kikokotoo. Alipitisha kidole kwenye namba za stakabadhi, akasimama kwenye mstari wa kumi na nne. Ndiye aliyepata kazi, na hadi leo hakuna anayemwuliza alisoma wapi.

Wakili, Mbarara

Naafikiana na Afisa Ajira nusu tu. Katika taaluma yetu, uwe umesoma Makerere au Mukono au kwingineko, huwezi kuandikishwa kuwa wakili hadi upite LDC, yaani kituo cha kuwafunza wenye shahada ya sheria kazi ya uwakili, na mtihani wa huko hauulizi ulitoka wapi. Hata hivyo, wateja wangu wanne wa kwanza waliletwa na watu niliolala nao bweni moja chuoni. Mtu anayeishi kwa kutafutiwa wateja, kama wakili au mfanyabiashara, anaponunua nafasi katika chuo kikubwa ananunua pia wenzake, na hilo asidanganywe kwamba ni dogo.

Muuguzi wa hospitali ya serikali haishi hivyo, ndiyo maana ningekuwa wewe nisingeuza ng'ombe. Na kuhusu wale marais watatu, mwambie Shangazi, kwa heshima, kwamba Nyerere alipokuwa Makerere katika miaka ya 1940 hapakuwa na chuo kingine cha ngazi hiyo Afrika Mashariki nzima. Uganda yenyewe ilikaa na chuo kikuu kimoja hadi Chuo Kikuu cha Kiislamu kilipofunguliwa Mbale mwaka 1988, na cha Mbarara kikafuata mwaka 1989. Watu wa zamani hizo wangepita wapi?

Muuguzi Kiongozi, Lira

Mzee, mimi ni wa kazi hiyo hiyo. Atakapohitimu, binti atafanya uanagenzi na kusajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga kama wenzake wote, na wodini atapimwa kwa mikono yake. Mimi nilisoma katika chuo chenye jina, ambacho sitakitaja. Tulikuwa wanafunzi kumi na watano kuzunguka kitanda kimoja. Aliyesimama nyuma alijifunza mabega ya wenzake. Kanula yangu ya kwanza, yaani kile kimrija cha kuingizwa mshipani mwa mgonjwa, niliiweka nikiwa tayari nimeajiriwa, usiku, umeme umekatika, mkunga mmoja mzee akinimulikia kwa simu na kuninong'oneza, "Usiutafute mshipa kwa macho, uguse kwanza." Nakala ya matokeo yangu nayo ilichukua miezi kumi na minne kutoka, nikakosa nafasi mbili za kazi nikiisubiri.

Nenda Muni pamoja na binti, mkaulize wanafunzi ni wangapi kwa mkufunzi mmoja wakati wa mazoezi ya wodini. Hakikisheni pia kwamba Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu limeidhinisha kozi yenyewe na kwamba idhini haijaisha muda, maana chuo kuwa na hati hakutoshi.

Mwanafunzi wa Uchumi

Niongeze jambo moja linalompa Shangazi nguvu kidogo. Mwaka 2002 wachumi wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti uliowalinganisha watu waliosoma vyuo vya kifahari na wengine ambao walikubaliwa na vyuo vya aina hiyo lakini wakaenda kwingine. Kwa ujumla mapato yao hayakutofautiana sana, ila waliotoka familia za kipato cha chini walinufaika kwa kusoma vyuo vya kifahari, labda kwa sababu nyumbani hawakuwa na wa kuwafungulia milango. Tofauti ni kwamba huko mtoto wa maskini mara nyingi hupunguziwa ada na chuo kile kile cha kifahari, ilhali kwako ufadhili uko Muni na gharama iko Makerere.

Mstaafu wa Arua

Nawashukuru sana. Jana tulikwenda Muni, na binti mwenyewe ndiye aliyeuliza lile swali la wodini kabla sijafungua kinywa. Majibu yalimridhisha, na kozi tumeikuta kwenye orodha ya zilizoidhinishwa. Anathibitisha Muni kesho. Shangazi amekubali, kwa sharti kwamba likizo ya kwanza ailie Kampala. Ng'ombe watano wanabaki zizini, wa sita nitamuuza kwa ajili ya kompyuta.