Mwanamuziki au msanii: bendi inakupima kwa kitu gani?

Kinyonga wa Manzese (mleta mada)

Wakuu habari za humu. Nauliza ili nijifunze, sitaki ligi. Nina nyimbo tano, zote nimeziimba juu ya biti za prodyuza. Kuna bendi inapiga hotelini, inatafuta mwimbaji wa kiume, majaribio baada ya wiki nne. Kiongozi wao ameuliza swali moja tu: "Unauimba kwenye ki gani?" Sikuwa na jibu. Akasema wao wanatafuta mwanamuziki, si msanii.

Nota sisomi, ala sipigi. Hii tofauti ni ya kweli au ni wivu wa wazee wa dansi? Na kama ni ya kweli, kwa wiki nne nishike nini kwanza?

Ridhimu ya Kati

Tofauti ipo mkuu, na swali la ki (yaani do ya wimbo inakaa kwenye noti gani) si dharau. Watu saba hawawezi kuanza wimbo bila jibu hilo. Besi hajui ashike wapi, tarumbeta hajui atoke wapi. Ukisema "nyinyi anzeni tu, nitawafuata", umeshawaambia kila kitu kukuhusu.

Jibu linapatikana hivi. Weka programu ya kinanda kwenye simu. Imba "aa" kwa sauti yako ya kawaida, panda noti moja moja mpaka shingo ianze kukaza. Noti ya mwisho kabla ya kukaza ndiyo dari yako. Tuseme ni G iliyo juu ya C ya katikati. Sasa tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo, uijue kwa solfa (do, re, mi, fa, sol, la, ti). Tuseme kiitikio kinagusa sol. Hiyo sol usiipeleke darini, iache chini yake toni nzima, yaani F, maana saa tano usiku sauti haina tena nguvu ya saa mbili. Sol ikiwa F, do inakaa B flati, yaani nusu toni chini ya B. Wapiga gitaa watanuna, kwa sababu kwenye B flati nyuzi wazi haziwasaidii sana. Shusha nusu toni: do ni A, sol ni E. Basi unaimba kwenye A.

Kisha shuka uangalie noti ya chini kabisa. Ikiwa ubeti unakulazimu kunong'ona, besi itakufunika na watu watasikia kiitikio tu. Hapo panda tena nusu toni, gitaa wavumilie.

Fanya hivyo kwa kila wimbo na uandike kwenye daftari. Wanakwaya wanajua zamani: juu ya karatasi yao utakuta "Doh ni G" kabla ya neno lolote la wimbo.

Jambo la pili ni kuhesabu. Biti haibadiliki, kwa hiyo unajua uingie ukisikia kile kimlio fulani. Bendi haina kimlio hicho. Mpiga solo akinogewa anarudia utangulizi mara mbili, wewe unabaki mdomo wazi. Hesabu mizunguko, si mapigo peke yake: *moja*-mbili-tatu-nne, *mbili*-mbili-tatu-nne, *tatu*-mbili-tatu-nne, *nne*-mbili-tatu-nne. Pigo la kwanza linabeba namba ya mzunguko. Ukifika wa nne na solo bado anaendelea, unahesabu minne mingine, unaingia baada ya wa nane. Mwimbaji anayeingia katikati ya mzunguko huvuta bendi yote ianguke naye.

Fundi Mitambo

Naongeza kwa upande wa studio, na kidogo napinga. Kuimba juu ya biti si dhambi. Prodyuza anayejua kupanga besi, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) na midundo ni mwanamuziki kabisa hata kama ala yake ni kompyuta. Tatizo ni lile ambalo studio inalificha kwa mwimbaji.

Studioni unaimba mstari mmoja, unapumzika, unaimba mwingine. Ukisikiliza wimbo uliokamilika unadhani pumzi yako inatosha, kumbe mistari miwili imepandana na hakuna binadamu angeweza kuvuta hewa pale. Chukua mashairi yako, weka alama ya mkwaju kila mahali unapovuta pumzi, uimbe wimbo mzima ukiwa umesimama, bila kusimamisha. Mstari usio na pa kupumulia ukate maneno. Usijaribu kuukimbiza.

Pili, programu inavuta noti zako mahali pake. Mwombe prodyuza akutolee sauti yako kavu, bila marekebisho wala mwangwi. Sikiliza miisho ya mistari. Wengi hawakosei mwanzo wa noti, wanakosea mwisho, pumzi ikipungua noti inateleza chini.

Tatu, maiki. Usiifumbate kichwa kama wafanyavyo kwenye video. Maiki ya jukwaani imetengenezwa isikie mbele na iwe kiziwi nyuma. Ukifunika zile tundu za pembeni inasikia kila upande, ikiwemo spika ya miguuni pako, ndipo inapopiga mluzi. Shika mpini, midomo sentimita tatu hadi tano, kwenye noti za juu rudi nyuma kama upana wa kiganja.

Kidongo Chekundu

Asalaam alaykum wanajamvi. Mnamjibu kana kwamba muziki wote ni do re mi ya kinanda. Huku kwetu Unguja, ukija na masikio ya kinanda peke yake utaimba Rast, moja ya maqam (ngazi za noti za Kiarabu), na watu watakutazama tu. Rast ikianzia C, noti ya tatu si E wala si E flati, iko katikati. Ya saba vivyo hivyo, baina ya B na B flati. Fidla anaipata kwa kidole, udi vilevile kwa kuwa shingo yake haina vizuizi, na mpiga kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa) anapandisha na kushusha vile vikono vya mandali kando ya nyuzi. Gitaa la kawaida haliwezi.

Vinanda vingi vya siku hizi vina sehemu ya kubadili mlio wa noti moja moja. Nusu toni ni senti 100, kwa hiyo E unaiweka −50 na B −50. Kosa la kila siku ni hili: mwimbaji anaomba Rast ipande ianzie D, mpigaji anahamisha mkono na kuacha E na B kama zilivyokuwa. Hapo robo toni zimekaa pasipo pake. Zirudishe sifuri zote mbili, kisha F shapu −50 na C shapu −50.

Na mashairi nayo. Ubeti wa taarab uliozoeleka una mishororo mitatu, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane. *Nimekupa moyo wangu, na wewe umeutupa.* Hesabu kwa vidole: nane, nane. Sasa andika "na wewe umeutupilia". Maana imekolea, lakini mizani zimekuwa kumi, mwimbaji atazimeza mbili na fidla watafika kabla yake. Kijana ukijua hili utajua kwa nini mstari wako fulani "haukai" hata biti iwe nzuri namna gani.

Kuhusu kusoma nota usitishike. Bi Kidude, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisimama na ngoma yake ya msondo hadi uzeeni, na hakuna aliyemwuliza karatasi. Ila tangu kikundi chetu cha taarab, Ikhwan Safaa, kianze 1905, hapana mwimbaji aliyekaa mbele ya kanuni asijue maqam anayoimba. Kusoma ni jambo moja, kujua ulipo ni jambo jingine.

Kinyonga wa Manzese

Shukrani wakuu, nimeshafungua daftari. Nyimbo tatu nimezipata kwenye A, moja D, moja imegoma: juu nakaza, chini sisikiki. Swali la mwisho: kiongozi alisema pia nitaitikia waimbaji wengine "sauti ya pili". Hiyo naipataje bila kusoma nota?

Ridhimu ya Kati

Huo uliogoma usiende nao. Una upana mkubwa kuliko sauti yako, na majaribio si mahali pa kuufanyia upasuaji.

Sauti ya pili: njia ya haraka ni kupanda noti mbili juu ya mwimbaji. Yeye do, wewe mi. Yeye re, wewe fa. Yeye mi, wewe sol. Inakwenda vizuri mpaka atue kwenye sol bendi ikiwa kwenye kodi ya nyumbani. Kwa njia ile ungeenda ti, na ti haimo kwenye do-mi-sol, itagongana na do ya gitaa. Hapo ruka, imba do ya juu. Ukiitikia kwa chini tatizo liko kwenye do: noti mbili chini ni la, nayo haimo, kwa hiyo shuka hadi sol. Wanaoanza wanajikwaa hapo, halafu wanadhani hawana masikio.

Zoezi: simu ishikilie do mfululizo, imba do-sol-do, kisha do-mi-sol-do, mpaka usikie noti yako "inatulia" ndani ya ule mlio badala ya kutetemeka juu yake. Dakika kumi asubuhi, kila siku. Wiki nne zinatosha kwa hili, hazitoshi kwa maqam za Kidongo Chekundu.

Kusikiliza: chukua bendi za dansi, Mlimani Park (walianza 1978) au Msondo, ile iliyozaliwa NUTA Jazz 1964. Wimbo mmoja usikilize mara nne, kila mara fuata kitu kimoja: besi, ridhimu, gitaa la solo, mwisho waitikiaji. Ukifuata besi, ile noti anayotua kodi inapobadilika ndiyo mara nyingi jina la kodi. Angalia wimbo unapotoka kwenye beti na kuingia chemko: maneno yanapungua, magitaa yanachukua. Kazi yako pale ni kukaa pembeni na kuitikia kwa wakati. Wageni wengi wanaendelea kupiga kelele juu ya solo.

Kasi nayo. Wimbo ukiwa na kasi ya mapigo 100 kwa dakika, weka metronomu (mashine ya kuhesabu mapigo) 50, uisikie kama pigo la pili na la nne, siyo kila pigo. Ukiona unafika kabla yake, unakimbia. Jukwaani kila mtu hukimbia, na mpiga tumba atakulaumu wewe.

Fundi Mitambo

Na uulize ishara zao kabla ya kupanda. Bendi nyingine kiongozi anaonyesha ki kwa vidole: viwili juu ni D, viwili chini ni B flati, yaani idadi ya shapu au flati. Ngumi ikipanda, mzunguko huu ni wa mwisho. Wengine ishara zao ni tofauti kabisa, wengine wanatumia macho tu. Waulize wakati wanafunga nyaya, ndipo wana nafasi ya kujibu.