Siku tatu Ujerumani: niende Berlin, Hamburg au München?

binti_kihesa
Habari zenu wana jukwaa. Nina safari ya kikazi Ujerumani na nimebahatika siku tatu za kwangu za kutembea kabla sijarudi Bongo. Niko njia panda kati ya Berlin, Hamburg na München. Nataka mji mmoja tu ambao nikirudi nyumbani ntasema nimeona kitu, maduka hata hapa yapo. Hoteli natakiwa nilipie wiki hii maana bei zinapanda kila nikifungua simu. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie.

MzeeWaReli
Dada karibu, ila swali umelileta nusu. Unaanzia mji gani? Mwezi wa ngapi? Hela kiasi gani? Uko peke yako au na watoto? Na ndege ya kurudi unapandia wapi? Ujerumani ya mwezi wa sita jua linazama saa tatu na nusu usiku, ya mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni giza limeshaingia, kwahiyo huwezi kupanga siku kwa namna moja.

Kisauni254
Berlin. Mimi hata sitaki kujua mwezi gani, ni Berlin tu. Ukuta uliojengwa 1961 ukaanguka 1989 bado vipande vyake vimesimama, nenda Bernauer Straße uone vile watu walitenganishwa na jirani wa ng'ambo ya barabara, na hiyo hulipi chochote. East Side Gallery pia ni bure, zaidi ya kilomita moja ya ukuta umechorwa. Kuba la bunge ni bure ila ujiandikishe mapema kwa intaneti na ubebe pasipoti. Halafu panda basi namba 100 kutoka stesheni ya Zoo mpaka Alexanderplatz, kwa tiketi ya kawaida unapita karibu kila kitu ambacho mabasi ya watalii wanakulipisha pesa mob.

Sahil_Mkunazini
Assalaam alaykum. Mie nasema Hamburg, na sababu yangu haimo kwenye vitabu vya utalii. Bibi yetu Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alipoondoka Unguja akaolewa na Mjerumani, Hamburg ndiko alikokwenda kuishi mwaka 1867, na kaburi lake liko huko makaburi ya Ohlsdorf, unafika kwa treni za mjini. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na nyumba zao Unguja toka 1849. Ukitembea Speicherstadt pale kwenye maghala ya matofali mekundu yalomo juu ya maji, ambako walikuwa wakiweka kahawa na viungo, wewe mtu wa Afrika Mashariki unaona sehemu ya habari zako mwenyewe. Bandari nayo usiiwache.

mkaazi_HH
Naunga mkono, naishi hapa. Dar na Hamburg ni miji dada toka 2010. Usilipie boti za kitalii, panda feri namba 62 pale Landungsbrücken, inakubali tiketi ya kawaida ya mji na inakupitisha bandari nzima. Handaki la zamani chini ya mto Elbe, la mwaka 1911, unatembea kwa miguu bure. Ila nisikudanganye, mvua ya hapa na upepo wa Novemba unaingia mpaka kwenye mifupa.

binti_kihesa
Samahanini wakuu nilikuwa na haraka. Ni mafunzo Bonn, yanaisha Alhamisi ya wiki ya mwisho wa Novemba, ndege natokea Frankfurt Jumatatu usiku. Niko na mwenzangu mmoja wa kazini. Hoteli na nauli tusizidi euro 350 kila mmoja. Yeye anataka München kwasababu ya lile kasri la kwenye milima.

MzeeWaReli
Sasa tunaongea. Toka Bonn, miji yako yote mitatu ni mbali karibu sawasawa, hesabu masaa manne mpaka matano ya treni, halafu urudi tena Frankfurt masaa kama manne, München kidogo ina nafuu. Na hilo kasri la Neuschwanstein haliko München, liko karibu na Füssen, ni masaa mawili mengine kwenda na mawili kurudi, siku nzima imeisha na giza limewakuta njiani. Kwanini hamtazami Köln? Nusu saa tu toka Bonn. Ukitoka mlango wa stesheni kanisa kuu liko usoni kwako, minara ya mita 157, lilianza kujengwa 1248 likamalizika 1880. Wiki hiyo masoko ya Krismasi yatakuwa yamefunguliwa, moja liko hapohapo chini ya kanisa. Jumatatu treni ya kasi inakufikisha uwanja wa ndege Frankfurt kwa saa moja hivi.

Kisauni254
Mzee na heshima zako, mtu asafiri kutoka Tanzania halafu aambiwe akae nusu saa kutoka kwa semina? Köln ataiona jioni moja baada ya masomo, imetosha.

mama_wawili_Essen
Mkiamua kwenda mbali, naomba msikilize hili la mabasi ya usiku kwasababu najua mkiona bei mtashawishika. Mwaka juzi mimi na mdogo wangu tulikata tiketi ya basi la usiku Köln kwenda Berlin, kampuni siitaji. Kwanza mabasi ya masafa hayapandiwi katikati ya mji, inabidi uende mpaka uwanja wa ndege wa Köln/Bonn, sasa sisi tumefika saa nne usiku na mabegi na mdogo wangu ndo katoka Mwanza wiki ileile hajazoea baridi kabisa. Basi saa tano halipo, saa sita halipo, ubao bado unasema linakuja. Saa saba kasoro ikaingia meseji kwenye simu kwamba safari imefutwa na tutarudishiwa hela, basi, hakuna mtu wa kumuuliza, hakuna ofisi, namba ya huduma kwa wateja inapiga muziki tu. Tulikuwa kundi la watu, kuna mama wa Kituruki na mtoto mchanga, tukaingia wote ndani ya jengo la abiria tukakaa kwenye viti vya chuma mpaka treni za alfajiri. Hoteli ya Berlin usiku wa kwanza imeliwa, tiketi mpya za treni za siku hiyohiyo zilituuma kweli, na hela ya basi ilirudi baada ya kuandika barua pepe nyingi. Jamani kateni treni mapema, tiketi za bei ya chini zinawahi kuisha.

mkaazi_HH
Pole sana dada. Na wasidanganyike na Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni na mabasi ya nchi nzima, ilianza euro 49 mwaka 2023 sasa ni 63, haikubaliki kwenye treni za kasi, na inajirudia kila mwezi usipoighairi kabla ya tarehe 10.

Nangurukuru
Nimesoma mpaka hapa nashangaa hakuna aliyemtaja mjusi wetu! Berlin kwenye makumbusho ya historia ya asili, Invalidenstraße, amesimama mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, urefu kwenda juu zaidi ya mita 13. Mifupa ilichimbwa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913, babu zetu waliibeba vichwani na mabegani siku kadhaa porini mpaka bandarini Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mtanzania ukifika Berlin usipomuona huyo sijui umeenda kuona nini. Jumatatu wanafunga. Na arudi nyumbani!

Kisauni254
Sasa akirudi atawekwa wapi bro? Yale mafuvu ya mababu yaliyobebwa na wakoloni ndio yaanze kurudi, mifupa ya mjusi ingoje.

Nangurukuru
Mafuvu ya mababu kwanza, hapo niko na wewe mia kwa mia. Ila swali la "atawekwa wapi" silikubali hata kidogo, miaka yote hii wanaingiza viingilio Lindi inapata nini? Watu walichimba wakati vita ya Majimaji ndo kwanza imeisha, vijiji vina njaa.

Sahil_Mkunazini
Maneno ya kweli hayo. Nasikia hata barabara iliyopewa jina la Karl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, wameibadilisha Berlin.

Kisauni254
Ndio, Petersallee mtaa wa Wedding, tangu 2024 kipande kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee. Panda treni ya chini ya ardhi U6, shuka kituo cha Afrikanische Straße. Na mtaa wa Neukölln kuna barabara ya Lucy Lameck, yule mwanasiasa wa Tanzania, zamani ilikuwa ya Wissmann, gavana wa kikoloni.

binti_kihesa
Lucy Lameck wetu wa Moshi? Aisee hapo mmenigusa. Nimemuonyesha mwenzangu hizi meseji, München ameiacha, ila sasa amehamia kwenye Köln ya mzee kwasababu ya hela na uchovu. Mimi moyo uko Berlin. Ijumaa treni ya asubuhi, Jumamosi yote mjusi na ukuta, Jumapili je, maduka si yanafungwa?

MzeeWaReli
Yanafungwa yote isipokuwa ya stesheni. Makumbusho mengi Jumapili yako wazi. Makumbusho ya Pergamon usihangaike nayo, imefungwa kwa ukarabati. Na uwanja wa ndege wa Berlin kama ukija kuuhitaji uko kanda C ya nauli, wengi wanapanda na tiketi ya AB wanapigwa faini euro 60. Jumatatu usichukue treni ya mwisho ya kukufikisha Frankfurt, acha masaa matatu ya ziada, treni za huku zinachelewa sana siku hizi.

mama_wawili_Essen
Koti msinunue huku dada, katafute soko la Karume kabla hujaondoka, la manyoya ndani na lenye kofia.

dogo_wa_Kasulu
Naomba kudandia uzi. Mimi nina mwaliko wa Ujerumani siku nne na Uholanzi siku kumi, viza naomba ubalozi gani?

mkaazi_HH
Unapokaa siku nyingi, kwahiyo Uholanzi. Bima iwe ya kuanzia euro 30,000, na miadi ichukue mapema. Mwaliko umeandikwa na nani, ndugu au taasisi?