Fuvu la asilimia 2.5 kwenye Minecraft: viunzi 90 vimeuawa, hakuna kitu. Seva imeharibika?

Ufuoni_Dunga (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Mwenye kuielewa hesabu hii anisaidie. Tuko 12 kwenye seva moja ya Minecraft (mchezo wa kompyuta), toleo la Java, na tunatafuta mafuvu 3 ya kumuunda Wither, lile zimwi la kupigana nalo. Mchanga wa roho, vipande 4, upo tayari. Kila mahali imeandikwa kwamba vile viunzi vyeusi vya mifupa kule Nether, ulimwengu wa moto ndani ya mchezo, hudondosha fuvu kwa asilimia 2.5, yaani moja kwa 40. Mwenzetu mmoja ameshaua 90 na hana hata moja. Kwa hesabu yangu angekuwa na mawili na zaidi kidogo. Vingine aliviua kwa upanga wa kawaida, vingine kwa mtego wa kuviangusha shimoni. Je, seva imeharibika? Na kama ni nzima, si fuvu limekaribia sasa, maana amekosa mara nyingi mno?

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Ndugu, tuanze na hilo la "limekaribia", kwa sababu ndilo linalowapoteza watu.

Chukua mfuko wenye njugu 40, moja nyekundu. Ukichomoa moja moja huku ukizila, nyekundu lazima itoke kabla mfuko haujaisha, na kila unayokula inakusogeza karibu nayo. Watu wengi wakisikia "moja kwa 40" huwaza mfuko wa namna hiyo. Minecraft haili njugu. Inachomoa moja, inatazama rangi yake, inairudisha, inatikisa mfuko upya. Kiunzi cha 91 kina asilimia 2.5 ile ile ya kiunzi cha kwanza.

Ni sawa na ludo. Mtu akitupa dadu mara sita bila kupata sita, utasikia watu wakisema sasa lazima itoke. Dadu haijui ilitupwa mara ngapi. Kutupa mara sita bila sita hutokea karibu mara moja kwa kila tatu.

Sasa hesabu yenyewe. Usitafute uwezekano wa kupata; tafuta uwezekano wa kukosa mfululizo. Kukosa mara moja ni 0.975. Kwenye kikokotoo cha shule bonyeza 0.975, kitufe cha kipeo, kisha 90. Utaona 0.102. Maana yake, katika kila wachezaji kumi watakaoua viunzi 90, mmoja hivi atatoka mikono mitupu, na hakuna kilichoharibika. Ukiweka 40 badala ya 90 utapata 0.363: zaidi ya theluthi moja ya watu hawana kitu baada ya viunzi 40. Nusu ya watu wanakuwa na fuvu la kwanza wakifika 28. Ukitaka uhakika wa asilimia 90, panga kuua 91. Wa asilimia 99, panga 182.

Hayo mawili na zaidi uliyoyataja ni wastani tu. Wastani huo unachanganya aliyepata matano na aliyepata sufuri. Na kumbuka mko 12: kila mmoja akiua 90, uwezekano kwamba angalau mmoja wenu atakosa kabisa ni kama asilimia 73. Mtu wa namna hiyo mlipaswa kumtarajia tangu mwanzo.

Kodi_Milimani (Kisumu)

Mwalimu amesema kweli kuhusu Minecraft, lakini msiibebe hesabu hiyo hadi kila mchezo, kwa sababu kuna michezo inayokula njugu kweli kweli. Tetris ya kisasa inaweka maumbo yote 7 mfukoni, inayachanganya, inayatoa yote, ndipo inajaza mfuko mwingine. Ndiyo maana lile umbo refu la mstari haliwezi kukawia zaidi ya maumbo 12 katikati. Pale, kusema "umekaribia" ni sahihi.

Dota 2, mchezo wa vita, ina njia ya tatu. Uwezo ulioandikwa asilimia 25 unaanza na takriban 8.5 kwenye pigo la kwanza. Ukikosa, la pili linapanda hadi 17, la tatu 25.5, na kuendelea, hivyo pigo la 12 haliwezi kukosa. Ukipata, unarudi mwanzo. Mchezo wa Genshin Impact nao, katika bahati nasibu yake, una asilimia 0.6 kwa mhusika wa nyota tano, lakini ukichomoa mara ya 90 bila kitu unapewa. Mtu aliyezoea dhamana ya namna hiyo akiingia Minecraft ataisubiri dhamana isiyokuwepo. Kabla ya kukokotoa chochote, jua kwanza mchezo wako una mfuko wa aina gani.

Barabara_ya_Lanet (Nakuru)

Kama bado mnaishuku seva, ipimeni. Ila anzeni kuhesabu kuanzia kiunzi kijacho. Yale 90 yasiingie, kwa sababu ndiyo yaliyoleta shaka. Ukihesabu tu baada ya mtu kulalamika, utapata bahati mbaya kila wakati, maana aliyepata hakuja kulalamika.

Viunzi 100 havitoshi: hata seva nzima kabisa hutoa sufuri karibu mara 8 katika majaribio 100 ya ukubwa huo. Wote 12 mkiandika hadi 1000, wastani ni mafuvu 25, na chochote kati ya 15 na 35 ni cha kawaida. Mkipata 4, hapo mna haki ya kumuuliza mwenye seva.

Asiyeamini hesabu ya mwalimu afungue lahajedwali, aandike =RAND()<0.025 kwenye A1, anakili hadi A90, kisha kwenye B1 aandike =COUNTIF(A1:A90,TRUE). Kila akibonyeza F9 ni mchezaji mpya. Sufuri zitajitokeza mapema.

Ufuoni_Dunga

Asanteni sana, mwalimu na wenzako. Nimeijaribu hiyo ya F9: sufuri ya kwanza imekuja mara ya saba. Kwa hiyo tuendelee tu na upanga na mtego?

Ngome_ya_Nether (Eldoret)

Upanga ndiyo, mtego hapana! Fuvu hutoka tu kiunzi kikiuawa na mchezaji, au na mbwa aliyefugwa. Kikifa kwa kuanguka, fuvu halipo hata kwenye hesabu; uwezekano ni sufuri. Basi yale 90 si 90. Shimoni vilikufa vingapi?

Ufuoni_Dunga

Kama 55 hivi.

Ngome_ya_Nether

Basi amejaribu mara 35 tu. 0.975 kwa kipeo cha 35 ni 0.41. Wanne kwa kumi wangekuwa kama yeye.

Mtego msiuvunje, rekebisheni kina. Kiunzi kina uhai 20, na anguko huumiza kwa idadi ya vipande ukitoa 3. Wekeni sakafu vipande 21 chini: kitabaki na uhai 2, mchezaji akimalizie kwa pigo moja. Na upanga uwe na Looting III, ule uchawi wa kuongeza vinavyodondoshwa, kwani kila daraja huongeza asilimia 1, hivyo mnafika 5.5. Hapo nusu ya watu hupata fuvu wakifika viunzi 13, na kwa mafuvu 3 wastani ni viunzi kama 55 badala ya 120. Upanga huo uwe mkononi wakati kiunzi kinapokufa. Ukiwa kwenye begi au sandukuni hauhesabiki.