Naomba ushauri: joto la Lamu linaniharibia filamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nasafisha filamu za inchi 4 kwa 5 nyumbani Langoni, usiku, kwenye chumba cha kuogea. Natumia filamu ya Ilford HP5 Plus, ya nyeusi na nyeupe, na dawa ya kutokeza picha iitwayo ID-11, isiyozimuliwa kwa maji. Maelekezo yake ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, lakini maji yangu hayashuki chini ya 28. Nikitia barafu ndani ya dawa, inazimuka.

Kinachoniuma hasa ni mikwaruzo. Nasafisha vipande vinne pamoja kwenye beseni, nikitoa cha chini kukiweka juu, gizani kabisa. Kwa joto hili utando wa filamu hulainika, na kona ya kipande kimoja huchora kingine. Juzi picha ya mlango wa kuchonga wa nyumba ya bibi imetoka na mstari katikati. Mlango wenyewe umeshauzwa.

Je, nisafishe kimoja kimoja? Nikizimua dawa kwa maji kiasi sawa, ambayo kwa nyuzi 20 hutaka dakika 13, kwa 28 nipunguze hadi ngapi? Au beseni likae ndani ya karai la barafu? Na maji ya kisima chetu yana chumvi. Suuza ya mwisho nitumie ya mvua?