Nainua kichwa kabla ya kufyatua, naomba ushauri

Habari wakuu. Niko Minnesota, Marekani, na mwaka huu jamaa wa kazini alinitia kwenye mchezo wa kulenga visahani vya udongo kwa shotigani, bunduki inayorusha marisau, yaani vijirisasi vingi kwa pamoja (mchezo unaitwa trapu). Raundi ni visahani 25, vitano kwa kila kituo kati ya vituo 5. Mimi napata 13, siku ya neema 15.

Shida ni kichwa. Nikiita "pull" (yaani kisahani kirushwe) shavu limekaa vizuri kwenye kitako cha bunduki, ila kisahani kikiruka tu nataka kukiona vizuri, na shavu linaachia. Kwenye shotigani jicho ndiyo saito (kilengeo) ya nyuma, kwa hiyo likipanda, marisau yanapita juu. Kisahani kinaenda zake kizima, jamaa wanacheka.

Na siyo kwamba nachungulia ushanga (kile kitufe cha kulengea) kwenye mdomo wa mtutu badala ya kisahani, hapana, hilo nilishakanywa.

Shingo yangu ni ndefu (nyumbani waliniita Twiga), kwa hiyo nashuku kitako kiko chini mno kwangu. Nikipandishe kwa pedi ya shavu, au kwanza nirekebishe nilivyosimama? Kuna mwenye zoezi la kufanya nyumbani, bunduki ikiwa tupu? Jumamosi narudi uwanjani.